Herufi ya Mia na Sitini na Moja

Espérance, anayekalia kiti changu sasa, aliniomba nimwandikie maelezo ya makabidhiano. Nilimpa ukurasa mmoja: maneno ya siri ya kompyuta, namba ya fundi wa jenereta, na dirisha ambalo lisifunguliwe mvua ikinyesha. Akausoma, akanirudishia.

"Papa Riziki," akasema, "hii ni mambo ya mashini. Mambo ya batu iko wapi?"

Nilijikuna kichwa, maana alikuwa amesema kweli. Basi haya ndiyo mambo ya watu, nawaandikia ninyi nyote, yeye na wenzake, mnaobaki pale ofisini. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwepo. Mshahara nao tuuache ulale.

Kwa wasionijua, mimi nilikuwa mtafsiri. Serikali ilipotaka kuwaonya watu juu ya mafuriko, upepo au kipindupindu, ujumbe ulifika mezani kwangu kwa Kiingereza na Kichewa. Mimi niliutia katika Kiswahili ili uende kwenye simu za wakimbizi wa kambi ya Dzaleka, hapa Malawi, na za wenzetu waliotawanyika Lilongwe, wale wa Biwi, Kauma na Area 36. Kazi yenyewe inaelezeka kwa sentensi moja, lakini ilinichukua miaka mingi kuielewa.

Nilifika Dzaleka mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na mke wangu, mama yangu, na cheti cha ualimu kilichofungwa ndani ya mfuko wa sukari. Kule Bukavu nilifundisha Kiswahili na Kifaransa sekondari. Kambini hawakuhitaji mwalimu wa sarufi siku ile. Walihitaji mtu mwenye sauti. Shirika moja likanipa kipaza sauti cha mkononi chenye kula betri nane, na kazi yangu ya kwanza ikawa kutangaza chanjo ya watoto kwenye mabomba ya maji.

Nakumbuka asubuhi ile vizuri mno. Nilivaa shati jeupe. Nikasimama mbele ya foleni ya ndoo, nikakohoa, nikaanza: "Mnaarifiwa nyote mliopo mahali hapa ya kwamba..."

Mama mmoja akatua ndoo yake. "Mwalimu, nani alikufa?"

Wenzake wakavunjika mbavu. Nikaanza upya, nikakwama. Mama mwingine akanihurumia. "Sema kama mutu," akasema, "tutasikia."

Basi nikasema kama mtu: bamama, kesho chanjo, mulete batoto, saa mbili. Nilijisikia nimeisaliti sarufi mbele ya mashahidi. Kesho yake foleni ya chanjo ilifika hadi barabarani, na waendesha kabaza wakawa wanagombana na akina mama juu ya nafasi ya kupitisha baiskeli zao. Nilizunguka na kile kipaza sauti miaka kadhaa. Watoto walinijua kwa koo langu kabla ya kunijua kwa sura.

Halafu simu zikaja. Mwanzoni ilikuwa moja kwa kila safu ya nyumba, zile ndogo zenye tochi, zinazochajiwa kwa kinyozi. Baadaye kila nyumba ikawa na yake, hata zile zisizokuwa na mlango wa maana. Serikali nayo ikaanza kutuma tahadhari kwa simu, na mtu mmoja Lilongwe akauliza swali la busara: hawa wakimbizi wataelewa? Ndivyo nilivyoitwa mjini, na karatasi yangu ya ruhusa mfukoni, kwenye ofisi ya vyumba viwili. Nikapanga chumba Kauma. Jumatatu hadi Ijumaa nikawa wa mjini, Jumamosi nikawa wa mke wangu.

Mkuu wa ofisi alikuwa Bwana Kachale, mtu wa Dedza, mwembamba, wa tai moja ya kahawia. Ninyi hamkumkuta. Kila kitu ninachokijua kuhusu kazi hii ni chake, isipokuwa makosa, ambayo ni yangu. Saa saba kamili alifunga mlango na kula nsima, yaani ugali wake, mezani, hata kama mito yote ya Malawi ilikuwa inafurika. "Mwenye njaa huandika ujumbe wa kutisha," aliniambia. Hakuwa anatania.

Yeye ndiye aliyenifundisha hesabu ya herufi. Simu zile zilipokea herufi mia moja na sitini kwa ujumbe mmoja, ukihesabu nukta na nafasi zote. Ukizidisha moja tu, ujumbe unakatika vipande viwili, na kipande cha pili kinafika kesho, au kinafika kwanza. Tuliwahi kutuma onyo la kipindupindu likakatika hivyo. Watu wa Area 36 wakapokea maneno "mchemshe vizuri kabla ya kunywa" peke yake, wakashinda wakiulizana wachemshe nini, na mzee mmoja inasemekana alichemsha bia. Tangu hapo Bwana Kachale alitumia karatasi ya miraba, ile ya hesabu za shuleni, na penseli. Kila herufi na chumba chake, na vyumba ni mia moja na sitini. Kichewa kiliingia vizuri. Kiswahili changu kila mara kilibaki na mkia nje.

Kitu kilichonifanya niipende kazi hii ni majibu. Hatukuwa tumewaomba watu wajibu. Walijibu tu, maana ukipokea salamu huwezi kunyamaza. Tulituma onyo la mvua kubwa, tukapokea: "Asante serikali, na sisi hapa tuko wazima." Tulituma chemsheni maji, mama mmoja wa Dzaleka akajibu: "Sawa. Makaa iko wapi?" Hilo tulilipeleka kwa wakubwa, na wiki mbili baadaye makaa yakagawiwa, kwa hiyo msiwacheke wanaojibu. Wengine walituita matapeli. Mmoja wa Kauma aliandika: "Jean-Claude kama ni weye tena, nitakuja kukupiga." Fundi cherehani wa Biwi alinakili kila tahadhari kwa mkono na kuibandika ukutani juu ya mashine yake, na wateja wakawa wanakwenda kwake kuuliza habari za hewa hata kama hawana nguo ya kushona. Na bibi mmoja, ambaye sikuwahi kumjua, alijibu kila ujumbe kwa maneno yaleyale: "Na weye Mungu akulinde mwanangu." Bwana Kachale alitaka nimtafsirie hilo kila lilipokuja, ingawa alishalijua kwa moyo.

Mama yangu mwenyewe hakujibu. Alifanya zaidi. Majirani walimwita Koko Nabintu, koko yaani bibi, na kusoma alisoma polepole, kwa kidole. Tahadhari ikiingia kwenye simu ya mke wangu, aliomba asomewe mara mbili, akajifunga kitenge, akatoka mlango kwa mlango. "Mumepata? Ni mutoto wangu njo aliandika." Nilimwambia mara nyingi kwamba inaandikwa na serikali, mimi natafsiri tu. Aliniona kama mtu anayejifanya mnyenyekevu mbele ya wageni.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Wengine mmeisikia imetiwa chumvi.

Ilikuwa mwanzo wa mvua, siku ya kazi. Watu wa hali ya hewa walileta onyo la upepo mkali sana kwa alasiri ile, wilaya ya Dowa, ambako Dzaleka ipo, na Lilongwe yenyewe. Nikakaa na karatasi yangu ya miraba, nikaandika:

"TAHADHARI. Leo saa kumi jioni: upepo mkali Dowa na Lilongwe. Ingieni ndani, fungeni milango na madirisha, kaeni pamoja na wazee na watoto. Waambieni jirani zenu."

Hesabuni wenyewe. Ni herufi mia moja sitini na moja.

Mtu mwenye akili angeondoa ile nukta ya mwisho. Mimi nilikuwa mwalimu. Sentensi bila nukta niliiona kama mtu aliyetoka bila suruali. Nikazunguka maneno yote nikitafuta herufi isiyo na kazi, na jicho langu likatua kwenye "upepo". Wingi wa upepo, kila aliyesoma anajua, ni pepo. Ukiacha ile u mwanzoni, bado ni upepo, upepo mwingi. Nikaifuta. Sikukumbuka hata kwamba wingi wake ungetaka "kali" badala ya "mkali". Nilikuwa nimeshafurahi.

Nikampelekea Bwana Kachale. Hakujua Kiswahili, lakini alisoma kila kitu kwa sauti kabla ya kutia sahihi. "Pepo," akasoma, akasimama hapo. Kwa Kichewa upepo ni mphepo. "Hii ni mphepo?"

"Ndiyo, bwana."

"Chimodzimodzi," akasema, yaani ni kitu kilekile, akasaini. Ujumbe ukaondoka saa tatu na nusu asubuhi.

Kwa hiyo watu wetu wa Bukavu, wanaosali asubuhi na jioni, walioanzisha makanisa kabla ya kuchimba vyoo, wakatumiwa na serikali ya Malawi habari kwamba saa kumi jioni anakuja pepo mkali.

Saa saba kasoro mke wangu akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Papa Riziki, ni pepo gani muliandika kule?"

"Upepo," nikasema. "Upepo mkali."

"Haina upepo. Mumeandika pepo. Batu bote biko mu kanisa kwa Pasta Elie toka saa ine, banafunga na kuomba. Mama yako njo alibaita. Alipita kila nyumba."

Kanisa la Pasta Elie nililijua. Lilikuwa refu, kuta za matofali mabichi, na paa la bati lililoshikiliwa kwa mawe na imani. Katika safu zote za Dzaleka hakukuwa na paa baya zaidi la kukaa chini yake siku ya upepo, na mimi ndiye niliyewaandikia waingie ndani, wafunge milango, wakae pamoja na wazee na watoto, wawaambie jirani zao. Walikuwa wametii kila neno.

"Nenda uwatoe," nikamwambia.

"Nilienda. Pasta amekusanya simu zote mu kapu, amezizimisha, juu pepo inapitia mu simu. Nilimwambia ni upepo. Aliniambia imeandikwa."

"Na Mama?"

"Mama anasema mutoto wake hawezi kukosea. Ameniambia niko na imani kidogo."

Nilituma masahihisho dakika ileile, sikuhesabu hata herufi: SI PEPO NI UPEPO TOKENI KANISANI. Mke wangu akakimbia kumwonyesha pasta kwenye simu yake, akanipigia tena, sasa analia. Pasta Elie alikuwa ameisoma kwa makini, akamrudishia simu. "Mama Riziki, ya kwanza ilitoka kwa serikali," alimwambia. "Hii ya pili imetoka kwa nani? Ni yeye mwenyewe pepo njo anataka tutoke inje." Kisha akafunga mlango kwa komeo.

Niliwahi kumkasirikia kwa hilo. Sasa simkasirikii. Mtu amepewa onyo, akapewa na la kulipinga, akachagua lile la kwanza. Mngefanya nini ninyi?

Bwana Kachale alikuwa anakula. Nikasimama mbele yake nikamweleza yote, pamoja na ile nukta. Alifunika sahani yake, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akiacha nsima, akachukua ufunguo wa pikapu. "Pepani, achimwene," akaniambia ngazini, yaani pole, ndugu yangu. Mimi nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu hata katika pole yake nilisikia lile neno. Ilibidi nimweleze njiani. Yeye hakucheka. Alikanyaga mafuta.

Tuliingia Dzaleka saa tisa na robo. Mbingu upande wa milima ilikuwa imegeuka rangi ya chuma. Sokoni maduka yamefungwa, hakuna mtu, isipokuwa Mzee Ramazani wa Kindu, mwuza sukari na vitenge, ameketi kwenye kiti mbele ya duka lake. Amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia mpya, na amejipaka manukato yaliyotufikia hadi ndani ya gari. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kwa Waislamu pepo si shetani. Ni Peponi, kule wanakokwenda watu wema.

"Mzee, ni upepo!" nikapiga kelele dirishani. "Upepo wa kawaida!"

Akanyanyuka taratibu, akakunja kiti chake. "Nilishaanza kushangaa," akasema. "Peponi ya kuanzia Dowa? Lakini nikasema, kuoga haina hasara." Kisha akatazama mbingu, akatazama upande wa kanisa, na uso wake ukabadilika. Akapanda nyuma ya pikapu na kanzu yake bila kualikwa.

Mlango wa kanisa tuliusukuma watatu, komeo likang'oka. Ndani kulikuwa na joto la watu mia kadhaa. Ngoma tatu zilikuwa zinapigwa, kwaya inaimba, watu wamefumba macho na kuinua mikono, na juu yetu bati lilikuwa limeanza kucheza, linainuka na kurudi, linainuka na kurudi. Nikamwona Mama katikati, kwenye mkeka, miguu ameikunja, na wajukuu wawili wamemlalia. Wajukuu hao ni wanangu.

Nilipita katikati ya watu hadi mbele. Nikapiga moyo konde, nikasema kwa nguvu zote zilizobaki kwenye koo lile la kipaza sauti: ni mimi niliyeandika. Nilikosea. Nilikata herufi moja, u, ili ujumbe utoshe. Hakuna pepo. Ni upepo, na bati hili litawaua, tokeni, nendeni kwenye madarasa ya saruji ng'ambo ya uwanja.

Pasta Elie alinishika bega. Hakuwa mtu mbaya, nawaambia tena, jasho lilikuwa linamtiririka na macho yake yalikuwa ya huruma. "Ndugu yangu," akasema sikioni, "pepo wa namna hii anapenda kutumia mutu tunayemujua."

"Pasta, nilikata u!"

"Na nani alikwambia uikate?"

Tulikuwa tunavutana hivyo, yeye akiniombea na mimi nikimsihi, Bwana Kachale akishikilia mlango kwa mgongo na kupaza sauti "Tulukani! Tulukani!", tokeni kwa Kichewa, nilipoona Mama anasimama. Alimbeba mdogo, akamshika mkubwa mkono, akamgusa Mama Zawadi aliyekaa kando yake. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni bila kugeuka. Mama Zawadi akafuata. Halafu mkeka mzima. Halafu ule wa nyuma yake. Koko Nabintu ndiye aliyewaingiza, na Koko Nabintu alikuwa anatoka. Moyo ukanipanda nikajua kwamba maneno yangu yamewaingia, kwamba kukiri kumefanya kazi. Ngoma zikakatika moja baada ya nyingine, na wapigaji wenyewe wakaziacha chini.

Mwisho tulitoka mimi na Pasta, ambaye nilimvuta kwa koti. Mzee Ramazani alikuwa uwanjani, anawapitisha watu kwenda madarasani kwa mikono miwili kama askari wa barabarani, kanzu imejaa matope hadi magotini.

Upepo ulifika kabla ya saa kumi. Tuliutazama kwa madirisha ya darasa. Paa la kanisa liliinuka lote kwa pamoja, likasimama kidogo angani, likaanguka ndani ya kuta zake, na kuta zikaanguka juu yake. Hakuna aliyekufa. Shemasi mmoja alivunjika mkono, kwa sababu alirudi kuchukua kapu la simu.

Nilitegemea kufukuzwa, na nilitegemea Dzaleka isiamini tena ujumbe wangu hata mmoja. Yote mawili hayakutokea. Bwana Kachale aliandika taarifa yenye mistari minne na kuweka sahihi yake juu ya yangu. Jumapili iliyofuata Pasta Elie alihubiri uwanjani, jua likiwapiga watu utosini, akasema hivi: serikali ilitwambia saa kumi atakuja pepo mkali. Saa kumi alikuja. Mumeona alichofanya? Na tulikuwa tumeomba, na hakuna aliyekufa. Sasa nani anasema ujumbe ulikosea? Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nikapiga pia. Tangu siku hiyo tahadhari zetu ziliheshimiwa kambini kuliko mahali popote Malawi, kwa sababu ambazo sikuwahi kuzieleza kwa wakubwa.

Baada ya hapo Bwana Kachale aliweka ile kanuni mnayoilalamikia kila siku, kwamba hakuna ujumbe unaotoka kabla haujasomewa watu watatu: mmoja wa Bukavu, mmoja wa Kindu, mmoja wa Burundi, na wote wawe hawajasoma sarufi. Mnaiona inachelewesha. Ichelewesheni. Mzee Ramazani alikuwa mtu wetu wa Kindu hadi alipofariki, na alikuwa anasikiliza kila ujumbe akiwa amefumba macho, kisha anasema, "Soma tena, polepole, mi niko Muislamu." Bwana Kachale alistaafu kabla yangu, akarudi Dedza. Karatasi zake za miraba ziko kwenye droo ya chini, zitumieni. Simu za siku hizi zinapokea ujumbe mrefu, najua, lakini pumzi za watu wakati wa hatari bado ni fupi.

Na kwa miaka yote hiyo niliwafundisha wageni wote wa ofisi somo moja kutoka siku ile: kiri kosa lako, upesi, kwa sauti, mbele ya watu, nao watakusikia. Nimelisema mbele yenu mara ngapi? Wengine mmeliandika kwenye daftari.

Mwezi uliopita, siku nilipomaliza kazi, nilirudi Dzaleka na maua ya plastiki mliyonipa. Mama ni mzee sana sasa, haoni vizuri, lakini bado anachambua maharage kwa vidole. Akaniuliza niliwaambia nini wenzangu wakati wa kuagana. Nikamwambia niliwaambia habari ya kanisa, jinsi nilivyosimama mbele na kueleza ile herufi, na watu wakatoka.

"Herufi gani?" akauliza.

"Ile u, Mama. Niliyoikata. Niliieleza pale mbele, nanyi mkatoka."

"Mi sikusikia kitu," akasema. "Ngoma zilikuwa zinapiga, na mabati inalia. Hata Mama Zawadi alikuwa ananiuliza, uyu anasema nini? Hakuna mutu alisikia."

Nikaweka maua chini. "Sasa mlitoka juu ya nini?"

Vidole vyake vikatulia ndani ya ungo.

"Niliona sura yako," akasema. "Ile sura niliiona mara moja tu, siku tulitoka Bukavu. Ulisimama mu mulango ya nyumba, kinywa inasema vilevile, sauti haitoke. Siku ile mi nilibishana na weye. Nilisema ngoja, nikarudia kuchukua masufuria. Na baba yako akarudia kunifwata, hakutoka tena."

Akaanza tena kuchambua.

"Mara ya pili sikuuliza, mutoto wangu. Nilisimama tu."